Maneno Mia Nne ya Kumwambia Mjukuu

Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikuingia darasani hata siku moja bila kujiandaa. Ndiyo maana mjukuu wangu alipoletwa, mtoto wa miaka saba ambaye mama yake amefariki na yeye mwenyewe hajaambiwa, nilisema nyumba nzima inisikie: hakuna atakayefungua mdomo mpaka mimi niwe tayari. Mtoto hakujua Kiswahili. Kiingereza hakujua. Alijua Kireno tu, lugha ya huko alikozaliwa, na mimi Kireno sikuwa na hata neno la kuombea maji.

Binti yangu alikwenda huko miaka tisa iliyopita, kufua mashuka ya hoteli. Akapata mtoto huko huko, na baba wa mtoto akashika njia yake kabla mtoto hajaota meno. Tulikuwa tukiongea kwa simu, mimi na binti yangu, na tukigombana tuligombania jambo moja tu: kwa nini huyo mtoto hamfundishi lugha ya kwao? "Mama, nashinda kwenye mvuke wa mashuka kutwa nzima, nikirudi sina hata pumzi," aliniambia. "Atajifunza akija." Nikamjibu kwamba mimi siongei na mjukuu wangu kwa kubahatisha, siku akiwa na la kuniambia ninalolielewa, ndipo apewe simu. Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu hiki hiki. Basi hatukuwahi kuongea, mimi na mtoto yule, hata salamu. Kisha binti yangu akaugua mapafu, akafia katika chumba alichopanga, wenzake wa kazini wakamzika.

Tulikuwa bado matangani tulipoambiwa kuwa mtoto analetwa. Nikakaa na mdogo wangu, fundi wa nguo, ambaye tunaishi pamoja tangu nilipostaafu, tukapanga. Nikamwandikia kwa Kiingereza mwenye nyumba aliyekuwa amempangisha binti yangu, nikamwomba mtoto asiambiwe kitu, kwamba jambo hili tutamwambia wenyewe, taratibu, akiwa kwetu. Akajibu: sawa. Basi tukaondoa mikeka. Tukaishusha picha ya marehemu ukutani, nguo nyeusi tukazifungia kabatini, na majirani tukawaonya kuwa hapa halii mtu, mwenye machozi akalie kwake. Siku ya mtoto kufika tulijipanga mlangoni tukicheka na kupiga makofi. Mdogo wangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Siku ya kumi na mbili tangu mtoto wetu azikwe, na mtu anapiga vigelegele! Lakini tulisema tunamfichia mtoto, na mtoto akifichiwa hufichiwa vizuri.

Aliletwa na mwanamke aliyekuwa akifanya kazi na mama yake, naye Kireno tu ndicho alichojua; alinikumbatia, akalia begani kwangu nikambana asionekane, akaondoka na ndege ya siku ile ile. Mtoto akabaki kasimama. "Shikamoo, Bibi," akasema. Ndiyo yaliyokuwa maneno yake mawili, mama yake alikuwa amemfundisha. Akatutazama mmoja mmoja tulivyokuwa tukicheka. Akazitazama kuta. Halafu akaketi kwenye kiti, mgongo wima, mkoba mapajani, hata hakuegemea.

"Loo, tumeletewa balozi," akasema mdogo wangu, na tangu hapo jina lake likawa Balozi.

Nikajipa muda. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki saba, na nilizijua shule; siku ya kwanza tu kuna mtoto angemwambia, we ndiye yule uliyefiwa. Kwa hiyo lazima ajue kabla ya hapo, na ajue kutoka kwangu. Nikatafuta kitabu. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba, kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaozungumza Kiingereza: maneno ya mwanzo ya Kireno, uwanja wa ndege, hotelini, kwa daktari, rangi, siku za wiki. Nikakijalidi kwa gazeti. Nikachonga penseli.

Matamshi nayo? Mdogo wangu akaacha cherehani, akaniambia, "Si uende kwa Mkia? Amekaa huko miaka sita, alikuwa jikoni kwenye mahoteli."

Mkia ni kinyozi wa mtaa wetu, na jina hilo nilimpa mimi. Nilimfundisha miaka minne, na kila mtihani wa Kiingereza yeye ndiye wa mwisho, nikawa namwita mkia wa darasa mbele ya wenzake. Likamganda. Siku hizi amelipaka rangi mlangoni mwa duka lake kwa herufi kubwa. Nilisimama nje nikiyatazama yale maandishi, nikataka kurudi nyumbani. Lakini mwenye shida hachagui mlango.

Duka lenyewe ni chumba kimoja: kiti kilichofungwa plasta mkononi, vioo viwili vinavyotazamana, brashi, kopo la poda, mashine ikinuka mafuta, na nywele zimefagiliwa kona. Wateja watatu kwenye benchi. Waliponiona wakajisogeza kunipisha.

"Mwalimu!" akasema Mkia. "Umekuja kunyoa?"

"Nimekuja kusoma," nikasema, nikaketi kwenye benchi na kitabu changu.

Nilimweleza shida yangu pale pale mbele ya wateja, maana aibu yangu nilishaiacha mlangoni. Akazima mashine. Alikuwa na mteja aliyenyolewa kichwa nusu, naye maskini akakaa hivyo hivyo ananisikiliza. Mkia hakucheka. Aliniambia nisome ukurasa wa kwanza. Nikausoma kwa sauti yangu ya darasani. Ndipo walipocheka wote, na nusu-kichwa akiwa wa kwanza.

"Mwalimu, unakisoma Kireno kama mtu aliyebana pini midomoni," akasema Mkia. "Hicho Kiingereza kiweke pembeni kwanza. Hii nini?" Akagonga meza yake yenye mikasi.

"Meza."

"Na wao wanasema mesa. Kwenye mlingoti wa shule mlikuwa mkipandisha nini?"

"Bendera."

"Bandeira. Na kiti changu hiki kimelegea parafujo. Wao husema parafuso. Umeona? Walipita huku zamani wakatuachia vitu vyao. Wewe unazungukia Kiingereza kwenda mahali ambapo umeshafika."

Sikupenda. Miaka thelathini na mmoja nimeweka vitabu vya Kiingereza juu ya neno la Kireno bila kujua, na anayenijulisha ni Mkia. Lakini jioni ile nilimwita mtoto, nikapiga meza kwa kiganja, nikasema, "Mesa." Akaniangalia. Akaweka kiganja chake karibu na changu, akasema, "Meza." Ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake.

Nikawa naenda kila asubuhi, mteja wa kwanza asiyenyolewa. Mkia alinifanya nirudie na kurudia, naye ni mkali, sijui alijifunza kwa nani. Nikikosea alikuwa akisema, "Samaki hukunjwa angali mbichi, Mwalimu," na wateja wanaangua kicheko. Nami namwambia anyoe, wembe hauna masikio. Nyumbani niliandika kadi, nikazibandika: mlangoni, kwenye sufuria, kwenye kioo, kwenye kitanda, kwenye cherehani ya mdogo wangu ambaye alilalamika wiki nzima kuwa kadi inamziba sindano. Maneno kumi kwa siku. Nilitaka mia nne.

Kwa nini mia nne? Mkia aliniuliza hivyo hivyo. Sentensi yenyewe ya kumwambia mtoto kuwa mama yake amefariki ina maneno manne. Ningeweza kuijua siku ya kwanza. Nikamwonyesha ukurasa wa mwisho wa daftari langu, nilipoorodhesha maswali atakayouliza mtoto akishaambiwa. Alikufa na nini? Yuko wapi? Atarudi? Mimi nitakaa na nani? Na wewe, Bibi, utakufa? Kila swali nilikuwa nalitafutia jibu lake, zuri, kamili. Sikutaka kumtupia mtoto sentensi moja halafu nikae namkodolea macho. Kumwambia hilo bila kuwa na la kumwambia baada yake ni ukatili. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

"Niletee mtoto nimwambie mimi," akasema Mkia. "Dakika tano tu, kwa upole."

"Habari ya mama haisemwi na kinyozi."

"Basi mwambie wewe leo, kwa hayo uliyonayo. Kufiwa si mtihani, Mwalimu."

"Ndiyo maana ulikuwa wa mwisho," nikamjibu.

Jamani, ulimi huu. Mkia akapuliza nywele kwenye mashine, akaipangusa taratibu kwa kitambaa. "Kweli, nilikuwa wa mwisho," akasema. "Ila mama yangu alipofariki, shangazi aliyekuja kunichukua hakusema neno. Alinishika tu. Nilielewa." Halafu akaniambia tuendelee, ukurasa wa thelathini na mbili, viungo vya mwili. Sikumwomba radhi siku ile. Nilipaswa kumwomba.

Mtoto naye hakuwa amekaa bure. Kadi zangu alikuwa akizisoma, akikuta nimekosea alama juu ya herufi anarekebisha kwa penseli nyekundu, kama mimi mwenyewe. Chini ya kila neno akawa anaandika lile la Kiswahili alilomsikia nalo mdogo wangu. Akawa anamfuata mdogo wangu jikoni na kibarazani, anaelekeza kidole: "Nini hii? Nini hii?" Anatoka kwa watoto wa jirani na maneno mapya, mengine si ya kusemwa mbele ya bibi. Mwezi haujaisha alikuwa akimwambia mdogo wangu, "Acha utani, Bibi Mdogo," tukabaki tumeduwaa. Nilikuwa nimefika maneno mia mbili na sitini. Sijui yeye alikuwa amefika wapi, lakini alinipita, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kupitwa.

Jambo moja tu lilimtia hofu mdogo wangu. "Dada," aliniambia siku moja, tumekaa tunachambua mchele, "mtoto gani huyu haulizi mama yake? Hata mara moja?"

"Ana adabu."

"Hiyo si adabu. Na simu yako ikilia, umemwona? Anakuja mbio, anasimama pembeni yako, anakutazama usoni mpaka umalize."

"Anasubiri mama yake apige," nikasema.

"Basi mwambie! Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo kimeshatangulia," nikamwambia. "Kiumbue nini tena?"

Akasukuma sinia, akaondoka. Nilimwona akijifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Ikafika Jumamosi. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Nilikuwa na maneno mia tatu na themanini na saba, na siku ya nyongeza haikuwepo. Ile sentensi Mkia alikuwa amenifundisha Ijumaa, ndiyo ya mwisho kwenye orodha. Aliitamka mara mbili akiwa amenigeuzia mgongo, tukitazamana kwenye kioo, nami nikairudia mpaka ikanyooka. Hakunitania.

Baada ya chai ya asubuhi mdogo wangu aliipeleka cherehani kibarazani, akaanza kuendesha bila kushona kitu. Nikamwita mtoto mezani. Nilikuwa nimevaa gauni langu la sherehe za shule. Mikono nikaikalia.

"Senta-te aqui," nikamwambia. Akaketi. "Minha neta. A tua mãe…" Yaani, mjukuu wangu, mama yako…

Akanyoosha mkono juu. Katika nyumba yangu anayetaka kusema hunyoosha mkono, na yeye hiyo sheria aliishika tangu wiki ya kwanza.

"Bibi," akasema kwa Kiswahili. "Mimi kwanza."

"Subiri, mwanangu…"

"Hapana. Tafadhali. Mimi kwanza."

Akateremka kwenye kiti. Akaenda jikoni, nikasikia anamimina maji, akarudi na kikombe amekishika kwa mikono miwili, akakiweka mbele yangu. Akaisogeza sahani ya mkate pembeni. Akanishika mikono yote miwili, akaivuta kutoka nilikoikalia, akasimama mbele yangu akinitazama machoni. Aliongea polepole, nikaijua ile sauti, ni ya mtu aliyekariri.

"Bibi, usiogope. Kunywa maji. Mama yangu, mtoto wako, amekufa. Hayuko kazini. Hatapiga simu. Amekufa. Mimi nilikuwepo." Akameza mate. "Pole sana, Bibi."

Kireno chote kikanitoka. Na Kiingereza. Nilichobaki nacho ni Kiswahili, nacho kwa shida.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Nilishika mkono wake. Mkono ukawa baridi."

"Na wewe… muda wote huu… mbona hukusema?"

"Nilikuwa sina maneno," akasema. "Siku nimekuja, ninyi wote mnacheka. Bibi Mdogo lululululu. Mama hayupo ukutani. Nikasema, hawa hawajui. Nani atawaambia? Mimi. Lakini kwanza nijifunze. Nilikuwa naogopa mtu atakuambia kwa simu, vibaya."

Neno lile la kufa sikumfundisha mimi wala mdogo wangu. Baadaye watoto wa jirani walitueleza: alilala chini uani kwao, akafumba macho, akauliza, "Nini hii?" Wakamwambia umelala. Akatikisa kichwa, akajikaza, akaacha kupumua. Wakasema umezimia. Akatikisa kichwa tena. Mpaka mmoja wao akasema, umekufa, ndipo akainuka, akajipangusa vumbi, akaomba waliseme tena. Hiyo ilikuwa wiki yake ya pili kwetu. Zilizobaki alikuwa akitafuta maneno ya kunituliza nikishaambiwa.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

Ningeweza kumwacha aamini kuwa yeye ndiye aliyeniletea habari. Niliwaza hivyo, nakiri, kwa kitambo kidogo. Mtoto amejitwika kazi, ameimaliza, kwa nini nimwambie ilikuwa bure? Lakini nilikuwa nimemdanganya wiki saba, na yule aliyekuwa amenishika mikono hakustahili hata dakika moja zaidi.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Hakuelewa. Au alielewa, akataka kuhakikisha. "Wewe unajua?"

"Ndiyo."

"Tangu leo?"

"Tangu kabla hujaja. Sote tulikuwa tunajua. Tulikuficha wewe."

Akaniachia mikono. Akarudi nyuma hatua moja, akamtazama mdogo wangu, akanitazama mimi. Uso wake ule wa balozi ukavunjika, na nyuma yake kulikuwa na mtoto mdogo, mdogo sana, sikuwa nimewahi kumwona.

"Mbona mlicheka?"

Daftari langu lilikuwa pale pale mezani, kurasa zote zimejaa, na swali hilo halikuwemo.

"Bibi! Mbona mlicheka?" Akaja, akanipiga ngumi kifuani, na nyingine, na nyingine. "Mama amekufa na ninyi mnacheka! Mimi peke yangu! Mimi peke yangu silii, kwa sababu yenu!"

Mdogo wangu akaketi pale pale kizingitini, akaachia kilio alichokizuia siku zote zile. Mimi nilimvuta mtoto. Alikataa, akanisukuma, nikamvuta tena, akakubali. Alilia kwa Kireno, maneno mengi, haraka haraka, mengine niliyajua na mengine sikuyajua, na sikumwomba arudie. Sikumjibu kitu. Nilimshika tu, tukalia, na ndiyo mara ya kwanza nilipomlilia binti yangu kwa sauti.

Mchana nilimwambia mdogo wangu aitandike mikeka upya. Picha nikaipandisha mwenyewe. Tukawatumia watu habari kuwa matanga yanaanza leo, na aliyeuliza kwa nini aliambiwa aje tu. Mkia alifunga duka, akaja na benchi lake kichwani ili watu wapate pa kukaa. Nikamwomba radhi mbele ya watu, kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Mtoto tulimkalisha katikati yetu, mimi kulia, mdogo wangu kushoto, na kila aliyeingia nilimwambia ampe mkono yeye kwanza. Wakainama, mmoja mmoja, watu wazima, wakamwambia pole kwa kufiwa. Naye akawajibu kila mmoja, "Asante," huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Jumatatu shule zilifunguliwa. Sisi tulikuwa bado mikekani. Nilimwandikia barua mwalimu wake mpya, nikaiandika kwa Kiswahili, mistari miwili tu: mtoto huyu amefiwa na mama yake, atachelewa.